Nyuzi zilizolala chini ya Dodoma: tuzikodishe, na baadhi tuzitegee sikio

Kila Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano unapoongezewa kipande, habari tunayopewa ni ya kilometa. Umeshapita kilometa 13,000, na lengo lililowekwa lilikuwa kufika 15,000 ilipotimia 2025. Habari hiyo hupokelewa kwa namna mbili, na zote mbili zina walakini. Wapo wanaoshangilia, wakidhani kilometa moja ya kebo ni kilometa moja ya intaneti. Wapo wanaonuna: wanatazama bei ya bando, wanatazama zahanati ambayo kebo imepita mita mia tatu kutoka mlangoni pake, kisha wanahitimisha kwamba fedha za umma zimefukiwa mtaroni. Mimi naona hivi: nyuzi za kioo (ndizo hupitisha data kwa mwanga) ambazo hazijawashwa ndani ya kebo hizo ni mali kubwa, na hapa katikati ya nchi zimerundikana kuliko watu wanavyodhani. Ila ni mali inayozeeka ikiwa imelala, na njia mbili bora za kuitumia, yaani kuikodisha ikiwa tupu na kuifanya kihisio cha ardhi, bado tunaziangalia kama mambo ya wenzetu wa mbali.

Tuanze na kebo yenyewe, maana malumbano mengi yanatokana na kutoijua. Kiangazi kilichopita nilisimama pale Ihumwa nikimtazama fundi akirudisha mawasiliano baada ya greda kukata kebo. Alikuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa kando ya chemba, mwavuli umefungwa kwenye mti wa uzio, mashine ya kuungia faiba, yaani hizo nyuzi za kioo, juu ya stuli. Alivua ganda la kebo, akafungua mirija laini, na ndani ya kila mrija zikatoka nyuzi nyembamba kama unywele, kila moja na rangi yake: bluu, chungwa, kijani, kahawia, kijivu, nyeupe, na kuendelea hadi kumi na mbili. Aliunga kwanza chache, akapiga simu, akaambiwa wateja wamerudi. Kisha akaendelea na zilizobaki, ambazo ndizo zilikuwa nyingi. "Hizi hazina mtu," alisema, "ila lazima niziunge." Hizo zisizo na mtu ndizo ninazozizungumzia.

Hazikuwekwa kwa bahati mbaya. Gharama kubwa ya mkongo haiko kwenye kioo. Iko kwenye kuchimba, kufukia, kuvusha mto, kulipia hifadhi ya barabara na kulipa watu fidia. Ukishachimba mtaro kutoka Dodoma hadi Singida, kuweka kebo ya nyuzi 48 badala ya 24 huongeza sehemu ndogo tu ya gharama, na mhandisi anayeweka 24 ili aonekane mbana matumizi atalazimika kuchimba upya baada ya miaka michache. Tena vifaa vya kurushia mwanga vimeendelea kwa kasi kuliko mahitaji yetu: jozi moja ya nyuzi sasa hupitisha mawimbi mengi ya rangi tofauti kwa pamoja, kila wimbi na mzigo wake wa data, kiasi kwamba kuongezeka kwa wateja hakulazimu kuwasha uzi mpya. Marekani walilipitia hili kwa maumivu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kampuni kama Qwest, iliyofukia kebo kando ya reli, na Level 3 zilishindana kuchimba kila njia. Soko likaporomoka, na 2002 kampuni za mawasiliano za Global Crossing na WorldCom zikafilisika. Lakini kebo hazikufilisika. Vyuo vikuu viliungana 2003 kuunda National LambdaRail, mtandao wao wa utafiti, juu ya nyuzi zilizokuwa zimelala, na kampuni kubwa za mtandao zikajinunulia njia zao wenyewe kwa bei ya chini. Waliopoteza ni waliokopa kwa matumaini ya kuuza haraka. Nyuzi zilibaki na thamani yake.

Dodoma iko mahali ambapo karibu kila njia hukutana. Mkongo wa Taifa, ulioanza kujengwa 2009 kwa mkopo wa China na kukabidhiwa TTCL, shirika la simu la Serikali, kuuendesha, unapita hapa ukielekea Iringa upande mmoja na Singida na Kanda ya Ziwa upande mwingine. Njia kuu ya umeme ya kilovolti 400 kutoka Iringa kupitia Dodoma na Singida hadi Shinyanga, kilometa 670, ina faiba ndani ya ule waya wa juu kabisa wa kukinga radi, na kituo cha Zuzu kinaipokea. Kampuni za simu zilijenga mkongo wao wa pamoja, na Halotel ilipoingia sokoni 2015 ilikuja na mtandao wake, sehemu kubwa ukiwa juu ya nguzo. Reli ya kisasa, ambayo treni zake zilianza kufika Dodoma Julai 2024, haiwezi kuendeshwa bila faiba ya ishara na mawasiliano kando ya tuta. Kaskazini, bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima kwenda Chongoleani, kilometa 1,443, linapita mikoa minane ya Tanzania ukiwemo Dodoma, na limelazwa pamoja na kebo ya faiba ya kulinda na kudhibiti bomba. Ongeza kwamba tangu 2016 Serikali ilipoamua kuhamia huku kwa dhati, wizara zikajengwa Mtumba na kila mmoja akavuta waya wake. Kwenye baadhi ya barabara, kebo tatu au nne za wenyewe tofauti zinalala bega kwa bega, kila moja ikiwa na nyuzi ambazo hazina mtu.

Swali gumu ni namna ya kuziuza, na hapa wanaotetea utaratibu uliopo wana hoja nzito inayostahili kusikilizwa. Kuna kuuza uwezo na kuna kukodisha uzi. Ukiuza uwezo, mteja anakulipa kwa kasi anayotumia, na akitaka zaidi analipa zaidi; wewe ndiye unayewasha vifaa na kuvitunza. Ukikodisha uzi mtupu, mteja anakuja na vifaa vyake, anakulipa kwa kilometa kwa mwaka, na akiongeza uwezo mara kumi wewe huongezewi hata shilingi. Mikataba ya nyuzi huwa mirefu, miaka 15 au 20. Kwa shirika lenye mkongo uliojengwa kwa mkopo, kumkabidhi kampuni kubwa ya simu uzi mzima ni kumpa leo kitu ambacho angekinunua kidogo kidogo kwa miaka yote hiyo. Anayesema hivyo hana uvivu wa kufikiri. Hesabu yake ni sahihi kwa mteja aliyekwisha kupatikana.

Inapokosea ni kwa wateja ambao hawajapatikana, na hao ndio wengi. Kampuni ndogo ya intaneti inayotaka kufikisha huduma Kongwa, chuo kinachotaka kuunganisha kampasi mbili, hospitali inayotaka kupeleka picha za mionzi kwa mtaalamu aliye mji mwingine: hawa bei ya uwezo inawafukuza kabla hawajaanza, na uzi wanaoukosa hauna mnunuzi mwingine. Peru ni funzo zuri. Serikali yake iliingia mkataba 2014 wa kujenga mkongo wa taifa wa kilometa zaidi ya 13,000, karibu sawa na wetu, na ndani ya mkataba bei ya jumla ikafungwa kwa dola 23 kwa mwezi kwa kila kasi ya megabiti moja kwa sekunde. Soko likashuka, bei ya mkataba ikabaki palepale, kampuni binafsi zikauza kwa sehemu ndogo ya bei hiyo, na mkongo wa taifa ukakaa karibu mtupu hadi Serikali ilipouvunja mkataba 2021. Hapakuwa na tatizo la kioo wala la uhandisi. Upande wa pili yuko Stokab wa Stockholm, shirika la jiji lililoanzishwa 1994 ambalo kazi yake ni moja tu: kukodisha nyuzi tupu kwa yeyote, kwa masharti yaleyale, bila lenyewe kushindana na wateja wake kuuza intaneti. Na jirani zetu hawakungoja Ulaya iwafundishe. Kenya Power, shirika lao la umeme, hukodisha nyuzi zilizo kwenye njia zake za umeme kwa kampuni za simu na za intaneti, na kodi hiyo ni pato juu ya nguzo ambazo zingesimama vilevile.

Kwa hiyo sisemi nyuzi zote zitolewe. Nasema TTCL ibaki na zile inazozihitaji kuuza uwezo na za akiba ya dharura, halafu zilizobaki kwenye kila kipande zitangazwe: ziko ngapi, zinaanzia chemba gani, zinaishia wapi, bei yake ni hii. Leo mwenye kampuni ndogo akitaka kujua kama kuna uzi usiotumika kati ya Dodoma na Mpwapwa, atabisha hodi ofisi moja baada ya nyingine, na kila mwenye kebo ana sababu ya kumficha. Daftari la namna hiyo, likishikwa na TCRA, msimamizi wa sekta ya mawasiliano, lingeokoa mitaro mingi kuliko kanuni yoyote ya kubembeleza watu wachimbe pamoja.

Hoja dhaifu kuliko zote, ambayo kwa bahati mbaya ndiyo inayosikika sana vijiweni, ni kwamba faiba imepitwa na wakati kwa kuwa setelaiti zimekuja. Setelaiti za chini zina kazi yake, na kwa kitongoji cha mbugani huko Chemba chenye kaya zilizotawanyika, dishi moja juu ya shule ni akili kuliko kilometa 40 za mtaro. Hilo nalikubali bila kinyongo. Lakini setelaiti nayo hushusha data kwenye kituo cha ardhini, na kituo hicho kimeunganishwa kwa faiba. Mnara wa simu wa kizazi cha tano bila faiba chini yake ni foleni iliyohamishwa kutoka hewani kuja mnarani. Na dishi zote zilizo juu ya eneo moja hugawana uwezo wa setelaiti zinazopita hapo, ilhali jozi moja ya nyuzi inaweza kubeba jiji zima. Tarehe 12 Mei 2024, kebo za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika upande wa Msumbiji na Afrika Kusini, Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoyumba zaidi. Kinga dhidi ya siku kama hiyo ni kuwa na njia nyingi za nchi kavu zilizokwisha kuwashwa kuelekea Kenya, Zambia na kwingine ambako mkongo wetu umefika mpakani.

Hoja ya usalama, kwamba mpangaji wa uzi atapeleleza data za wengine, haina uzito mkubwa zaidi. Nyuzi mbili ndani ya kebo moja hazionani. Anayekodi uzi wa kijani hawezi kusoma kinachopita kwenye wa bluu. Hatari ya kweli ni mikono mingi kwenye chemba, na dawa yake ni fundi mmoja aliyeidhinishwa kufungua kwa niaba ya wote.

Lipo hata hivyo jambo moja ambalo sisi tunaopigia debe nyuzi tupu hulipita haraka. Uzi usiowashwa haumfikishii mtu chochote. Mkongo unapita kijijini kama bomba kubwa la maji linalokwenda mjini: wanakijiji wanaliona, lakini bila kituo cha kuchotea hawapati hata ndoo. Kushusha faiba kijijini kunahitaji kibanda, umeme usiokatika, vifaa, na watu wa kutosha watakaolipa mwezi hadi mwezi. India imelijua hili kupitia BharatNet, mpango uliopitishwa 2011 wa kupeleka faiba hadi ngazi ya vijiji. Kebo nyingi zilifika, matumizi yakachelewa sana. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ambao makao yake ni hapahapa Dodoma, umekuwa ukisaidia minara vijijini, na hilo ni jema. Ruzuku hiyohiyo ikielekezwa pia kwenye vituo vya kushushia faiba, kampuni ndogo iliyokodi uzi kwa bei ya haki itakuwa na mahali pa kuanzia.

Sasa nije kwenye matumizi ambayo yananivutia zaidi, kwa sababu hayahitaji mteja hata mmoja wa intaneti. Mwanga unaporushwa ndani ya uzi, kiasi kidogo sana hurudi nyuma kutoka kila sehemu ya kioo. Ardhi ikitikisika, kioo hunyooka au kubana kwa kipimo kisichoonekana kwa jicho, na mwanga unaorudi hubadilika. Kifaa kimoja kikifungwa kwenye ncha ya uzi mmoja mtupu na kurusha mapigo ya leza mara nyingi kila sekunde, uzi mzima, hata wa makumi ya kilometa, unageuka kuwa maelfu ya vipima mtikisiko vilivyopangwa kila mita chache. Hakuna kinachochimbwa upya. Huko California, watafiti wa maabara ya Lawrence Berkeley waliutumia uzi usiowashwa kati ya West Sacramento na Woodland kunasa matetemeko na kuchunguza tabaka za juu za ardhi kwa kelele za magari na treni tu, bila kulipua baruti. Iceland, kebo ya simu ya takribani kilometa 100 kwenye rasi ya Reykjanes imetumika kuona magma ikisogea, ikatoa ishara dakika hadi saa kadhaa kabla ya mlipuko karibu na mji wa Grindavík.

Dodoma haina volkano ya kuilaza macho, lakini iko kwenye tawi la mashariki la Bonde la Ufa. Mteremko mkali unaouona ukishuka kuelekea Bahi ni kazi ya ardhi hiyohiyo, na matetemeko si mageni kwa wenyeji. Vituo vya kupimia mtikisiko nchini ni vichache, na tulikumbushwa Bukoba tarehe 10 Septemba 2016 kwamba tetemeko la ukubwa wa 5.9 linaua. Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini ina makao yake Dodoma, Chuo Kikuu cha Dodoma kiko mlimani, na chini ya miguu yao pana kebo. Kuna pia maji. Jiji hili limekunywa kwa miongo mingi kutoka visima vya Makutupora, ile ya kaskazini mwa mji, si ile ya Manyoni inayotajwa na watu wa reli. Vipimo vya visima hivyo vya tangu miaka ya 1950 vinaonyesha kwamba hifadhi hiyo haijazwi kila mwaka. Hujazwa kwa mishtuko, misimu ya mvua kubwa kama El Niño ya 1997/98, kisha hushuka taratibu. Kasi ya mtikisiko ardhini hubadilika maji yanapopanda na kushuka, na uzi uliofukiwa unaweza kuifuatilia mfululizo kati ya kisima na kisima. Hautachukua nafasi ya visima vya kupimia. Utajaza mapengo kati yake.

Matumizi yenye faida ya haraka nadhani ni reli. Kipande cha reli ya zamani kati ya Kilosa na Gulwe kinajulikana na kila aliyewahi kukwama: mto ukijaa, tuta linaondoka. Kebo iliyofukiwa kando ya tuta husikia maji yakila udongo, husikia jiwe likianguka, husikia treni iko wapi na inakwenda kasi gani. Hapa nijizuie. Baada ya maporomoko ya tope ya Katesh, chini ya mlima Hanang, Desemba 2023, yaliyoua watu zaidi ya 80, ni rahisi kuahidi kwamba teknolojia fulani ingewaokoa. Kebo husikia tu mahali ilipolazwa, na mteremko wa Hanang usio na kebo ungebaki kimya. Faiba iliyo juu ya nguzo za umeme nayo hucheza na upepo, hivyo kwa kusikiliza ardhi ni duni kuliko iliyofukiwa. Kifaa chenyewe bado ni ghali, na data yake kwa siku ni mlima unaohitaji wataalamu wa kuuchambua. Tena uzi unaosikia treni husikia na nyayo za watu. Huko Pennsylvania kebo ya chuo kikuu ilinasa hata bendi ikipita. Kabla ya kuuwasha chini ya mitaa ya jiji, sheria iseme nani anaruhusiwa kuhifadhi nini, na kwa muda gani.

Yote haya yana saa inayokwenda. Watengenezaji huhesabu maisha ya kebo kuwa takribani miaka 25, iwe imewashwa au imelala. Vipande vya kwanza vya mkongo vilivyolazwa 2009 vitafika umri huo 2034. Kila greda linapokata, kila kiungo kipya kinapoongezwa, mwanga unapungua kidogo, na kwa ujenzi unaoendelea hapa, ikiwemo barabara ya mzunguko wa nje ya kilometa 112.3, viungo ni vingi. Mkataba wa miaka 15 ukisainiwa leo kwenye kebo ya zamani unapita mwisho wa kebo yenyewe. Ukicheleweshwa miaka mingine mitano, hakuna mwenye akili atakayeusaini. Ndiyo maana nisingetumia nguvu kubwa kwenye mkongo wa kwanza. Ningeuanzisha utaratibu huu pale ambapo udongo bado uko wazi: kipande cha reli ya kisasa cha kilometa 368 kutoka Makutupora ya Manyoni hadi Tabora. Idadi ya nyuzi za ziada, haki ya kuzikodisha, na uzi mmoja wa kusikiliza tuta vinaweza kuandikwa sasa, wakati kuongeza mrija mmoja ndani ya kebo bado ni suala la oda ya kiwandani. Tuta likishafunikwa, itabidi mtu aombe kibali cha kuchimba kando ya reli inayopita treni za umeme, na kibali hicho sioni nani atakitoa.